MJADALA: Dola 5 kwa siku za Henry Ford, ilikuwa huruma kwa wafanyakazi au hesabu ya biashara?

Wakuu, kila tukigusa mishahara lazima atokee mtu aseme waajiri wajifunze kwa Henry Ford, yule Mmarekani mwenye kampuni ya magari ya Ford, eti mwaka 1914 aliwapandishia wafanyakazi mpaka dola 5 kwa siku ili na wao waweze kununua magari wanayounda. Mimi hii stori siikubali kabisa.

Tuanze na kiwanda chenyewe, Highland Park, kule Michigan, Marekani. Hadi 1913 gari lilikuwa linakaa sehemu moja mafundi wanalizunguka, chasisi moja inakula kama saa 12 na nusu. Ikaja ile laini inayotembea, gari linavutwa linapita mbele ya watu na kila mmoja ana kazi moja tu, huyu anaweka bolti, wa pili anaweka nati, wa tatu anakaza, na 1914 muda ukashuka mpaka dakika 93. Hapo sina ubishi, ile ni akili kubwa, na ndiyo iliyoshusha bei ya Model T, gari la Ford lililokuwa likiundwa pale, kutoka dola 850 mwaka 1908 mpaka chini ya 300 miaka ya 1920.

Sasa muangalie aliyesimama pale. Mwendo hapangi yeye tena, unapangwa na cheni, na ufundi wote aliokuja nao hauna kazi, ni kurudia kitu kilekile kutwa nzima. Watu wakawa wanaacha kazi kila siku!! Mwaka 1913 kiwanda kina watu kama 14,000 tu lakini ili kibaki na idadi hiyo ilibidi kiajiri zaidi ya 50,000 ndani ya mwaka huohuo, na kila mgeni afundishwe, na kwenye laini akikosekana mmoja wote nyuma yake wanakwama. Hasara hiyo ndiyo iliyozaa dola 5, yaani waliopandisha mshahara ni wale walioondoka.

Na hiyo hoja ya kununua magari, piga hesabu mwenyewe. 1914 kampuni ilitoa magari zaidi ya laki mbili. Hata wafanyakazi wote 14,000 wangenunua mwaka huo, hawafiki hata asilimia 10 ya wateja.

Halafu masharti. Kama nusu ya zile dola 5 iliitwa mgao wa faida, na ili uipate wakaguzi wa kampuni wanakuja mpaka nyumbani kwako, wanauliza unakunywa pombe kiasi gani, unaweka akiba, umepangisha watu wangapi ndani. Wanawake mwanzoni hawakuhesabiwa kabisa.

Najua mtasema pesa ilikuwa nzuri, na kweli ilikuwa kama mara mbili ya ile ya zamani na saa za kazi zikapungua toka 9 hadi 8, ndiyo maana maelfu walijazana getini kwenye baridi ya Januari mpaka wakafukuzwa kwa maji ya mipira. Familia zilipata nafuu, hilo siwezi kulikataa.

Ila nyie mnaosema ni huruma nijibuni hili: mbona mwaka 1937 watu wa Ford waliwapiga kina Walter Reuther, viongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, nje ya kiwanda cha River Rouge kwa sababu tu walikuja kugawa vipeperushi vya chama chao, na mbona kampuni haikusaini mkataba na chama hicho mpaka 1941 baada ya mgomo?