Naomba ushauri: hudi na jaketi kwa baridi ya Mbeya

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naishi Uyole, kazi yangu ni Mwanjelwa, na mara nyingine natumwa Tukuyu ambako mvua haina ratiba. Juni hii asubuhi ni baridi kali, na upepo wa bodaboda unaizidisha. Ikifika saa sita jua linawaka mpaka natafuta pa kuvulia.

Nimejaribu hudi nzito ya pamba ndani ya jaketi la jinzi. Kwapani inabana, kofia yake inajikunja shingoni, na pamba ikishalowa Tukuyu haikauki leo. Jaketi kubwa la sponji peke yake lina joto, ila mchana ni mzigo, na halinipendezi. Napenda kutoka nadhifu hata kwenye baridi.

Naombeni mnisaidie: juu ya hudi nyepesi ya zipu, nichukue jaketi la kuzuia upepo na mvua lililozidi saizi yangu kwa namba moja, au nibaki na saizi yangu? Na kwa mtu mfupi kama mimi, hudi ikichungulia chini ya jaketi inapendeza au inazidi kunifupisha? Bajeti yangu ni ya mitumba ya soko la Sido.