Hivi ni lini kila aliyewaudhi aligeuka narsisisti?

Wakuu, leo natapika nyongo, maana neno hili narsisisti, yaani mtu anayejipenda kupita kiasi, limenifika shingoni. Mume kasahau siku ya kuzaliwa ya mkewe: narsisisti. Bosi kakataa ruhusa: narsisisti. Juzi dada mmoja kaandika kwamba mpenzi wake hajajibu meseji tangu asubuhi, na watu chini wakashuka kama mvua, "kimbia, huyo narsisisti kamili!" Jioni jamaa akajibu. Simu iliishiwa chaji.

Mnajua hata neno lenyewe limetoka wapi? Narcissus alikuwa kijana wa hadithi za Wagiriki, mzuri kupindukia, aliyewakataa wote waliompenda. Mmojawapo ni Echo, binti asiyeweza kusema lake ila kurudia maneno ya mwisho ya mwenzake. Nemesis, mungu wa kike wa kisasi, akamwadhibu: kijana akainama kunywa maji chemchemini, akaona sura, akaipenda. Kwa jinsi Ovid, mshairi wa Kirumi, anavyosimulia, mwanzoni hakujua kabisa kwamba ile sura ni yake. Alipojua, bado hakubanduka. Akadhoofu hadi kufa, pakaota ua. Haya, nionyesheni wapi alimpiga mtu, wapi alimlaghai? Kiburi alikuwa nacho, sibishi. Lakini mtu aliyekufa akimpenda asiyeshikika ndiye mmemfanya jina la kila tapeli wa mapenzi!

Madaktari walianza kulitumia jina hilo mwishoni mwa karne ya 19, Havelock Ellis mwaka 1898 na Paul Näcke 1899. Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya nafsi, akaliandikia makala nzima 1914, na humo akakiri kwamba kiasi fulani cha kujipenda huko kimo katika kila kiumbe hai. Nanyi mmo, msijitoe. Ugonjwa wenye jina hilo uliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mwongozo wao wa sasa una dalili 9, na mtu lazima awe nazo angalau 5, tena ziwe tabia yake ya miaka, popote alipo. Siyo ugomvi wa wikiendi moja.

Kinachonichefua kuliko vyote ni pale mtu anapopigwa, halafu anaambiwa mumewe ni narsisisti. Kupiga mtu ni jinai! Mpigaji mwiteni mpigaji, mkashtaki. Na kama mtu ni mbinafsi, ana majivuno, anajisikia, amejaa umimi, si maneno tunayo tele? Ila hayo hayana harufu ya hospitali, ndiyo maana hamyataki.

Halafu kuna hawa makocha wa mahusiano wanaouza mafunzo ya kumtambua narsisisti kwa kusikiliza upande mmoja tu. Nilimuuliza mmoja anampimaje mtu ambaye hajawahi hata kumwona. Akafuta swali langu, akanifungia.