Cherero wangu akijaribu kuruka anaanguka puu, naombeni ushauri

Mama_Umoja
Wadau habari za jioni. Niko na cherero, hawa lavubadi wa kichwa cha rangi ya chungwa, msichana wangu alimpa jina Pendo. Ni wiki tatu sasa na kila nikifungua tundu anajirusha, anapiga mabawa mara mbili tatu halafu anapinda upande mmoja anaanguka puu, na sakafu yetu ni tailsi tupu. Hata usiku nasikia akiteleza kwa kijiti anagonga waya. Jana nimeona damu kidogo kifuani sikulala. Aliyeniuzia alisema ati hawa wa kufugwa ndivyo walivyo, atazoea. Ni kweli ama ni mgonjwa?

MfugajiKahawa
Pole dada. Cherero kuruka ndio kazi yake, hata gramu 60 kwa kawaida hafiki, hiyo ya kuzoea usiikubali. Mshike polepole na taulo, usimbane kifua maana ndivyo anavyopumua, fungua bawa moja moja uangalie manyoya marefu ya nje. Yanafaa kuwa kumi kila upande.

Mama_Umoja
Nimeangalia. La kulia liko sawa. La kushoto saba yamekatwa mstari mmoja kama kwa makasi!

MfugajiKahawa
Basi shida ni hapo. Wengine hukata upande mmoja ili ndege asitoroke, lakini bawa moja zima na lingine fupi lazima azunguke, hana namna ya kujishikilia hewani. Na kama alikatwa mapema ni mbaya zaidi, cherero hutoka kiotani akiwa na wiki kama sita na hizo siku ndizo anajengea misuli na kujifunza kutua, sasa huyu wako hakuzipata. Unyoya uliokatwa haurefuki kama kucha, unakaa hivyo mpaka unyonyoke wenyewe ndio mpya uote, ni miezi. Usiung'oe tafadhali. Na mpya ukitokeza utauona kama mrija mweusi-mweusi una damu ndani, huo ukivunjika ndege mdogo hivyo anapoteza damu vibaya, kwa hivyo asianguke-anguke wakati huo.

dada_wa_ndege
Mama Pendo, hiyo damu usingoje. Akianguka hutua na mfupa wa kifua, ngozi pale ni nyembamba, inapasuka na inaweza kuingia uchafu. Mpeleke Kabete kwa madaktari wa mifugo wa chuo kikuu kesho asubuhi. Leo teremsha vijiti karibu na chini, tandika blanketi, na kama ni vile vya plastiki laini vitoe, weka tawi la mpera lenye unene tofauti tofauti aweze kushika. Usiku acha taa ndogo. Mapazia yafungwe pia, kioo cha dirisha hakioni.

Kayole_1
Si umpeleke Naivasha tu umwachilie, huko wamejaa

dada_wa_ndege
@Kayole_1 hapana ndugu. Wale wa Naivasha wametokana na waliotoroka ama kuachiliwa, asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, na wameshazaliana porini. Huyu hawezi hata kuvuka sebule, mwewe atamchukua siku ya kwanza.

mzee_wa_tundu
Unamlisha nini? Kama ni alizeti tupu punguza, ina mafuta mengi na ndege mzito anaanguka zaidi. Mpe mtama, wimbi, sukuma wiki, karoti. Parachichi KAMWE, ni sumu kwake. Na tundu litoke jikoni, moshi wa makaa na mvuke wa sufuria za nonstick, zile chakula hakigandi, zikiungua unaua ndege haraka sana.

Mama_Umoja
Alizeti tupu ndiyo niliambiwa. Na tundu liko jikoni. Nalihamisha saa hii.

Mama_Umoja
Wadau nimerudi, ni miezi minne sasa. Kabete walimsafisha kidonda wakamkagua, mfupa ulikuwa mzima. Manyoya matano mapya yametoka upande wa kushoto. Tumekuwa tukimzoeza kutoka kwa mkono wa msichana hadi kitandani, nusu mita, kisha mita moja, akichoka tunaacha. Leo ameruka mwenyewe kutoka kwa kiti mpaka juu ya fimbo ya pazia, ametua sawa kabisa. Msichana amelia. Lakini sasa hataki kushuka, ni saa nzima, nimesimama hapa na mtama mkononi. Nimngoje tu?

MfugajiKahawa
Mngoje. Kupanda hujifunza kwanza, kushuka baadaye. Usimfukuze na ufagio, sogeza kiti karibu na pazia apate pa kutua katikati.

Mama_Umoja
Nimesogeza. Anakiangalia.