Tunataka kujitolea kwa wazazi wenye mapacha hapa Tanga, tuanzie wapi?

BintiMakorora:
Asalaam aleykum wadau. Tuko akina mama saba wa mtaa mmoja, Makorora. Tunataka kuwashika mkono wazazi waliojifungua pacha, wawili au watatu, hasa wasio na mama wala wifi karibu. Pesa hatuna, tuna mikono. Tukifika kwa mtu tufanye nini hasa, tusiguse nini, na zamu tuzipange vipi?

BibiWaNgamiani:
Waaleykum salaam mwanangu. Anzeni na beseni, watoto baadaye. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kwa wawili chukua mara 20 tu, nusu saa kila mara: saa 10 zimekwenda mzazi amekaa, hajala wala hajaoga. Ziwa ni lake. Kilichobaki chote kibebeni ninyi.

Nepi ndizo zitakazowachosha. Kuanzia siku ya 5 mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi, ongeza choo. Kwa wawili hamkosi vitambaa 20 kwa siku. Masika havikauki, kwa hiyo ziwepo kama 40. Kanga kuukuu zikikatwa zinafaa sana, ni laini na hunyonya. Zenye choo zisuuzwe kwenye beseni lake ndipo zifuliwe, na suuzeni mpaka povu liishe, sabuni ikibaki huchubua ngozi. Halafu pasi, pande zote mbili, msikwepe: kuna inzi hutaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, na mabuu yake huingia ngozini.

Wekeni daftari: nani, saa ngapi, kanyonya, kakojoa, kapata choo. Saa nane za usiku mzazi hakumbuki. Mmoja hupewa mara mbili, mwenziwe akalala na njaa. Na kichanga mdogo mwenye njaa halii, husinzia. Kama wanafanana, mpakeni Kulwa rangi ya kucha kidole gumba cha mguu. Uzi mkononi hapana, ukikaza huzuia damu.

Muuguzi_Raskazone:
Shikamoo bibi, ya kufua umeyamaliza. Naongeza ya kunyonyesha, maana hapo ndipo mikono ya pili inapotakiwa. Kuokoa muda, wanyonyeshwe pamoja: mzazi akae ameegemea, mito mapajani, kila mtoto apite chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni kwa mama. Anayenyonya kwa tabu ashikishwe ziwa kwanza; akitulia, msaidizi ampe mama wa pili. Kesho wabadilishwe upande, kwa sababu mnyonge akibaki na ziwa lilelile, litapunguza maziwa.

Pacha wengi huzaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5. Hao waamshwe kila saa 2 hadi 3, na joto lao ni kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kanga. Baba anaweza pia, mwambieni asione haya. Asiyeweza kunyonya apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Chupa ni ngumu kusafisha. Akae wima kidogo, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa. Kwa joto la huku maziwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4.

Asali, maji ya sukari, dawa za mchango: hapana. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala mafuta. Mwenye mafua asiende zamu.

Msisubiri zamu iishe, kimbieni kituo cha afya au hospitali ya Bombo, mkiona: mtoto hanyonyi, degedege, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea, joto 37.5 na kuendelea au chini ya 35.5, umanjano kwenye viganja na nyayo, kitovu chekundu au chenye usaha. Mzazi naye: mfuko wa uzazi uliobeba pacha hutanuka sana na huweza kuchelewa kujikaza, kwa hiyo akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, ni hatari. Vilevile kichwa kikali na macho kuona ukungu. Aliyefanyiwa upasuaji msimkande tumbo.

ShangaziChumbageni:
Zamu ziwe za wawiliwawili: mmoja jikoni na kufua, mwingine watoto. Saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 2 usiku. Wengi hupenda saa 4 asubuhi, wakati mzazi ndiyo kwanza anapata usingizi! Na msimalize nguvu zote wiki ya kwanza, ndugu wamejaa na uji wa pilipili manga umefurika. Arobaini ikipita nyumba inabaki tupu, mzazi anarudi jikoni. Nusu ya zamu wekeni hapo.

Kabla ya yote, baba na mama mkwe waridhie. Picha za watoto kwenye magrupu, marufuku.

BintiMakorora:
Ahsanteni sana. Na wakiwa watatu, maziwa ni mawili?

Muuguzi_Raskazone:
Wawili ziwani, wa tatu kwa kikombe, na kila mlo zamu ya kikombe ihamie kwa mwingine, iandikwe daftarini. Mzazi akamue mara tu wakimaliza. Yasipotosha, kliniki ndiyo itakayoamua nyongeza, msinunue kopo kwa kukisia. Hapo zamu iwe ya watu watatu.