Naomba ushauri: nitangulize uhuru au usawa?

Njiapanda (mleta mada):
Salamu wanajamvi. Nimepata nafasi mbili za kusoma shahada ya uzamivu, moja katika nchi yenye demokrasia ya vyama vingi na nyingine katika nchi inayotawaliwa na chama cha kikomunisti, nami nimekwama. Ni mfumo upi unaompa mtu wa kawaida maisha yenye heshima zaidi: ule unaomwachia aseme atakalo huku pengo la mali likizidi kupanuka, au ule unaoahidi kuliziba pengo hilo kwa sharti kwamba asiulize mengi? Naomba tulinganishe mifumo yenyewe, na mambo yangu binafsi tuyaache pembeni.

Mzee Kanuni:
Mwanangu, umevitenganisha vitu ambavyo havitengani. Katika Umoja wa Kisovieti, pasi za ndani zilianzishwa mwaka 1932, na wakulima wa mashamba ya pamoja hawakupewa haki ya kuwa nazo hadi amri ya mwaka 1974. Asiyekuwa na pasi hakuweza kuhamia mjini apendavyo. Mkulima huyo alinyimwa uhuru wa kutembea, na kwa sababu hiyo hiyo akanyimwa usawa na mwenzake wa mjini, katika dola iliyojiita ya wafanyakazi na wakulima.

Debe Tupu:
Mimi ninaishi katika demokrasia na bado ninalipa mkopo wa shahada ya kwanza. Nina uhuru kamili wa kumsema vibaya anayenidai, kisha mwisho wa mwezi ninamlipa.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu Debe amesema kweli kwa njia ya mzaha, lakini tusizungumzie demokrasia kana kwamba ni nchi moja. Uswidi na Marekani zote hupiga kura, ila tofauti ya kipato nchini Uswidi ni ndogo zaidi, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vilipata nguvu na kodi ikafanya kazi yake. Tena demokrasia nazo zilichelewa: wanawake wa Uswisi walipata kura ya kitaifa mwaka 1971, na sheria iliyowalinda wapiga kura weusi wa kusini mwa Marekani ilipitishwa mwaka 1965. Kwa upande wa pili, sitaibeza kampeni ya Cuba ya mwaka 1961 iliyofundisha umma kusoma na kuandika. Swali langu ni kama waliofundishwa waliruhusiwa baadaye kusoma gazeti lisilo la serikali. Sasa nieleze, unakwenda kusomea nini? Anayesomea madaraja na anayesomea siasa hawaishi chini ya mfumo mmoja, hata wakipanga chumba kimoja.

Njiapanda:
Nchi hiyo ni China. Ninasomea sayansi ya jamii kwa ujumla.

Mwalimu Mstaafu:
Hakuna shahada ya uzamivu ya «kwa ujumla».

Njiapanda:
Sawa. Utafiti wangu unahusu migomo ya viwandani na wafanyakazi wanaojaribu kuunda vyama vyao wenyewe. Ufadhili wa China unagharamia kila kitu, ilhali ule mwingine unanitaka nikope, na mtu mwenye deni kubwa hachagui kazi wala mahali pa kuishi, kwa hiyo msiniambie kwamba huko ndiko kwenye uhuru. Nimeshawajibu kuwa nitakwenda, ingawa sijatia saini. Nitaandika kichwa cha utafiti kwa lugha laini, kama vile «mahusiano kazini».

Bi. Nasaha:
Vijana mnapenda sana vya kulipiwa. Mdogo wangu, anayekulipia safari ndiye anayechagua njia.

Mzee Kanuni:
Lugha laini haitakusaidia. Haki ya kugoma iliondolewa katika katiba ya China ya mwaka 1982, na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa ni lazima kiwe chini ya shirikisho moja linaloongozwa na chama tawala. Mwaka 2018, wanafunzi waliojiita Wamaksi walikwenda Shenzhen kuwaunga mkono wafanyakazi waliotaka chama chao kiwandani, wakakamatwa. Na kama unakwenda kutafuta usawa, takwimu za serikali yenyewe za mwaka 2020 ziliweka kipimo cha Gini cha kipato (0 ni usawa kamili, 1 ni kipato chote kuwa cha mtu mmoja) karibu na 0.47, kiwango kikubwa kwa nchi yoyote. Wanaohama kutoka vijijini bado hubanwa na usajili wa makazi uliowekewa sheria mwaka 1958.

Jicho Kali:
Ndugu zangu, hii ni chai, hadithi ya kutungwa. Mtafiti wa migomo ya viwandani asiyejua kuhusu 2018? Swali la kwanza limepimwa kama swali la mtihani, uhuru mkono huu na usawa mkono ule. Huyu ana insha ya kuwasilisha, nasi tunamwandikia.

Debe Tupu:
Kama ni insha, naomba nitajwe kwenye ukurasa wa shukrani.

Njiapanda:
Ninayajua ya 2018, sikuyataja tu. Na barua ya ufadhili sitaiweka hapa ili kumridhisha mtu.

Jicho Kali:
Hukuitaja nchi, hukuutaja utafiti, hukuyataja ya 2018. Ni nini kingine hukukitaja?

Mwalimu Mstaafu:
Iwe chai au iwe kweli, kuna mtu ambaye hajatajwa na yeyote kati yetu. Wewe ukimaliza utaondoka na shahada yako, na mfumo usioupenda utauacha uwanja wa ndege. Mfanyakazi atakayekaa nawe akueleze nani aliandaa mgomo atabaki pale pale, bila gazeti la kumtetea wala mbunge wa upinzani wa kuuliza yuko wapi. Umemwekea mpango gani?

Njiapanda:
Nitaficha majina yao, kama watafiti wote wafanyavyo.

Mwalimu Mstaafu:
Utayaficha katika kompyuta ya nani?