Mjadala: Mafua, kikohozi, kuhara: mgonjwa ahimizwe kujihudumia nyumbani?

Daktari wa Zamu:
Msimamo wangu ni ndiyo, tena kwa nguvu zote. Mafua ya mtu mzima huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Koo hutulia ndani ya wiki moja. Kikohozi kinachofuata mafua huweza kuvuta hadi wiki 3, na antibiotiki haipunguzi hata siku moja hapo kwa sababu chanzo ni virusi. Mgongo ulioshtuka unataka kutembeatembea, si kulala kitandani wiki nzima. Kliniki ibaki kwa wenye shida hasa. Ila wazazi wa siku hizi wana hofu kupita kiasi, mtoto akipiga chafya mbili wako mlangoni. Mpe kijiko cha parasetamoli, mpe maji, subiri.

Mama Nuru:
Daktari, kwa heshima zote, hilo la "hofu kupita kiasi" lifute. Mzazi akichelewa anaulizwa "ulikuwa wapi siku zote?" Akiwahi anaambiwa ana hofu. Tuambieni basi saa sahihi ni ipi.

Bin Hamadi:
Dada, ukweli unauma. Wengi wanafuata antibiotiki tu, wakinyimwa wananuna.

Mama Nuru:
Nani aliwazoesha? Mgonjwa hajiandikii cheti. Kaka, ukinyooshea wagonjwa kidole, nyoosha na kwa waandikaji.

Dirisha la Dawa:
Mimi nimekwama kwenye "kijiko". Kijiko gani, daktari?

Daktari wa Zamu:
Kijiko cha dawa, mililita 5. Nani asiyejua?

Dirisha la Dawa:
Walio wengi, na si kosa lao. Vijiko vya chai vya jikoni havilingani: vingine havifiki mililita 3, vingine vinapita 6. Na hata ukipata mililita 5 kamili, parasetamoli ya maji ipo ya nguvu mbili: miligramu 120 katika mililita 5, na miligramu 250 katika mililita 5. Chukua mtoto wa kilo 12. Kipimo cha mara moja ni miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180. Kwa chupa nyepesi, ile ya 120, hiyo ni mililita 7.5, kwa chupa nzito, ile ya 250, ni 3.6. Mama aliyezoea 7.5 akiuziwa chupa nzito bila kuambiwa, anampa mtoto miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Akirudia hivyo mara nne kwa siku, siku ya pili na ya tatu, ini linaweza kuumia, na mwanzoni mtoto huenda asionyeshe dalili yoyote. Sasa mnasema "mpe kijiko".

Bin Hamadi:
Tumetoka kwenye mada. Vijiko vimetumika miaka yote. Maji ya chumvi na sukari ya kuhara yanachanganywa kwa kijiko: lita moja ya maji, sukari vijiko 8, chumvi kijiko 1. Hakuna aliyekufa.

Mpimaji:
Ndugu, futa hiyo kabla mtu hajaichukua! Ni sukari vijiko 6 vya chai na chumvi NUSU kijiko cha chai, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu juu, katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda kwenye damu na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, inavuta maji kuingia tumboni na kuhara kunaongezeka. Pakiti ya dukani ni bora zaidi, lakini soma imeandikwa ya maji kiasi gani, si zote ni za lita moja. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga. Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea kidogokidogo. Na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6.

Bin Hamadi:
8 na 1 ndiyo tuliyofundishwa. Usinifanye kama nimeitunga.

Mpimaji:
Sijasema umeitunga. Nimesema isitumike.

Mama Nuru:
Wenye taaluma hamjakubaliana kuhusu kijiko, halafu mzazi anayekuja kuuliza ndiye mwenye hofu!

Daktari wa Zamu:
Haya, umeuliza saa sahihi, nakujibu. Mtoto chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi: njoo sasa hivi. Hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, shingo imekakamaa, macho yamedumbukia, kinyesi kina damu: njoo sasa hivi. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, hajalia. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Penye malaria, homa yoyote ipimwe kwanza. Mtu mzima anayekohoa wiki 2 apimwe kifua kikuu, asingoje hizo wiki 3 nilizotaja.

Mama Nuru:
Hayo ndiyo ungeanza nayo.

Dirisha la Dawa:
Ongezeni na asali: inatuliza kikohozi, lakini kamwe si kwa aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Aspirini si ya watoto. Na watu wazima, dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Ukinywa hizo pamoja na vidonge vya kawaida unaweza kupita kikomo cha gramu 4 kwa siku bila kujua, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Bin Hamadi:
Sawa, nani atamwandikia kila mzazi yote haya, na foleni ni ile ile?

Dirisha la Dawa:
Aliyemuuzia chupa. Mpime mtoto uzito, chora mstari kwa kalamu kwenye sirinji isiyo na sindano, andika kwenye chupa "mpaka hapa, kila saa 6, mwisho mara 4". Akinunua chupa ya nguvu nyingine, chora upya.

Bin Hamadi:
Na duka lisilo na mzani?

Mpimaji:
Basi lisimuuzie chupa nzito mtu asiyejua uzito wa mtoto wake.