Taiming belti kwa macho iko poa ila umri umeenda, nibadili au nisubiri?

Wakuu habari zenu. Nina gari ya petroli ya mwaka 2012, nimeichukua kwa mtu, odometa inasoma 82,000 na kitabu chake kinasema taiming belti (mkanda wa meno unaofanya valvu za injini ziende sawa na pistoni) ibadilishwe kwenye kilomita 100,000. Rekodi za sevisi hakuna hata karatasi moja. Jana fundi kafungua kifuniko cha juu kamulika na tochi kasema mkanda hauna ufa, nitembee nao tu mpaka hizo kilomita zifike. Moyo haujatulia maana nasafiri na watoto. Je kuangalia kwa macho kunatosha? Na nikibadili, ni mkanda peke yake au na vingine? Fundi anasema wota pampu kama haivuji iachwe.

JIBU
Mkuu badili. Kitabu kikitaja kilomita soma na pembeni yake, mara nyingi kuna miaka pia, unafuata kinachotangulia. Mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki. Halafu hiyo 82,000 nani kakuhakikishia? Gari ya mkononi isiyo na rekodi mi naihesabu mkanda wake haujaguswa toka kiwandani.

Na hilo la ufa, mikanda ya zamani ilikuwa inapasuka mgongoni unaona kabisa, ya siku hizi mpira wake unavumilia joto zaidi kwa hiyo inaweza kufika mwisho ikiwa bado inapendeza kwa macho, kinachochoka ni nyuzi za ndani na shina la meno na huko tochi haifiki. Ukaguzi unaweza kukwambia badili mapema, kukuongezea muda hauwezi. Tena kifuniko cha juu kinaonesha kipande kidogo tu, fundi anayekagua kweli anaweka spana kwenye boliti ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) anazungusha injini kwa mkono, upande ule inakozunguka yenyewe, mdogo mdogo mpaka mkanda wote upite mbele yake, anaangalia meno, kingo kama zimeanza kutoa nyuzi, anapitisha na kidole kuona kama kuna oili.

JIBU
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila muhimu ni kujua injini gani. Zipo ambazo mkanda ukikatika gari inazima tu, unafunga mwingine unaondoka, mfano 4A-FE ya Toyota. Zipo ambazo valvu na pistoni zinapishana kwenye nafasi ileile, mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa zinagongana, valvu zinapinda, mnaanza kushusha silinda hedi (kichwa cha injini). EJ25 ya Subaru iko humo, na dizeli nyingi tu. Pia hakikisha ni mkanda kweli, 1NZ-FE ya Toyota kwa mfano ni cheni, haina ratiba ya kubadili kwa kilomita. Na dalili usizisubiri, mingi inakatika bila kutoa mlio wowote.

MUULIZAJI
Asanteni sana. Nimethibitisha, ni mkanda na ni injini ya kugongana. Ila leo nimechungulia chini karibu na puli ya kranki nimekuta unyevu wa oili, hiyo ina maana yoyote?

JIBU
Ina maana kubwa mkuu, safari ya mbali ahirisha kwanza. Oili inalainisha mpira na kuuvimbisha, mkanda wa kawaida ukilowa hauna tena cha kusubiri kilomita (kuna injini mkanda wake unazunguka ndani ya oili kabisa, hizo ni habari nyingine). Hapo inawezekana sili ya mbele ya kranki (mpira unaozuia oili isivuje) imechoka, ibadilishwe kabla mkanda mpya haujapanda, ukiacha utaulowesha na mpya. Badili na sili ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), tenshona inayokaza mkanda, na puli zote zinazoongoza mkanda. Wota pampu kama inazungushwa na mkanda huohuo badili pia hata kama haivuji, maana ikija kuvuja au beringi ikijam kazi yote inafunguliwa upya na inaweza kuondoka na mkanda wako mpya.

Simama pale fundi akimaliza. Kabla ya kuwasha azungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili halafu alama za kranki na kamshafti zirudi palepale, zisiporudi anafungua. Na ikitokea gari imezima njiani kabla hujabadili, ukipiga stata injini inazunguka nyepesi kuliko kawaida, acha hapohapo usirudie kupiga, vuta mpaka kwa fundi. Spea nunua kwa namba ya injini, usinunue kwa jina la gari maana modeli moja inaweza kuwa na injini mbili tatu tofauti.